Mhuri wa Kuazima

Asubuhi hiyo kulizuka ugomvi kwenye tanuri la mtaa, na chanzo chake kilikuwa mkate.

Tanuri lilikuwa la Yamna na mumewe, Bouchta, katika mtaa wa zamani mjini Meknes. Kila nyumba ilikanda unga wake, ikapanga mikate juu ya ubao, ikaifunika kitambaa na kuileta ichomwe. Ili mikate isichanganyike, kila nyumba ilikuwa na mhuri wake wa mti. Huyu alipiga nyota, yule kitana, mwingine jani la mzeituni. Bouchta alisimama mbele ya moto na koleo lake refu. Yamna alipokea mbao na kugawa mikate iliyoiva. Hakuuliza jina la mtu. Alitazama mhuri tu.

"Huu si mkate wangu!" alisema Ilham, binti wa nyumba ya pili. "Mimi nimeleta ngano. Huu ni shayiri, tena mgumu kama kisigino!"

"Una mhuri wa kwenu," alisema Yamna. "Jani la mzeituni. Tazama mwenyewe."

"Jani naliona. Mkate siujui."

Mwisho wa foleni alisimama Hniya, jirani yao mnene mwenye maneno mengi. Leo hakuwa na neno. Alikuwa akimtazama paka aliyelala mlangoni.

"Hniya!" Yamna aliita. "Tangu lini wewe ukanyamaza?"

"Basi, ni wangu! Mhuri wangu umepasuka. Nikaazima wa mama yake Ilham. Kuna dhambi?"

"Dhambi ni huo mkate wenyewe!" alidakia Bouchta.

Wanawake walicheka hadi mbao zikatikisika. Yamna naye alicheka. Kisha ghafla akajishika chini ya tumbo na kuegemea ukuta.

Wengine hawakuona. Ilham aliona. Yeye alikuwa muuguzi katika wodi ya saratani ya hospitali kubwa, na macho yake yalizoea kuona vitu ambavyo watu huvificha. Alisubiri foleni iishe, akamsogelea.

"Da Yamna, una nini?"

"Sina kitu. Ni umri."

"Umri hautoi damu. Nguo yako ina doa kwa nyuma."

Yamna alijifunga shuka kiunoni haraka. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Siku zake zilikuwa zimekoma kitambo, kisha damu ikarudi bila mpango. Ilikuja akibeba kuni. Ilikuja hata baada ya kulala na mumewe. Hilo la mwisho hakumwambia mtu.

Ilham aliuliza kwa sauti ya chini, na Yamna akajibu kwa sauti ya chini zaidi.

"Kesho twende kituo cha afya," alisema Ilham.

"Na mikate ataipokea nani?"

"Bouchta ana mikono. Da Yamna, damu baada ya siku kukoma hupimwa. Damu baada ya tendo la ndoa hupimwa. Si lazima iwe jambo baya. Lakini haingojwi."

Yamna alikwenda. Mkunga wa kituo alimpima, akaona uvimbe kwenye mlango wa kizazi. Mlango huo ni sehemu ya chini ya tumbo la uzazi, pale mtoto anapopita akizaliwa. Alimpeleka hospitali kubwa, na huko alipigwa picha, kisha kipande kidogo cha uvimbe kilikatwa kikapelekwa maabara.

Majibu yalipotoka, Yamna alikuwa tanurini. Hospitali ilipiga simu nyumbani. Simu aliipokea Bouchta, na aliyekwenda kuyasikia majibu alikuwa Bouchta, pamoja na dada yake mkubwa, Lalla Mahjouba. Walirudi wakitabasamu kama watu waliopigwa picha kwa lazima.

"Wamesemaje?" aliuliza Yamna.

"Kidonda," alisema Bouchta.

"Kidonda kidogo cha mji wa mimba," aliongeza Lalla Mahjouba. "Kimetokana na baridi. Umezoea kutoka kwenye moto na kuoga maji baridi. Nimekukataza mara ngapi?"

Katika ukoo huo neno saratani halikutajwa. Walisema "ule ugonjwa", kisha wakamwomba Mungu auweke mbali. Mgonjwa mwenyewe hakuambiwa kamwe. Waliamini kwamba akiambiwa, moyo wake utavunjika, na moyo ukivunjika mwili unafuata. Hawakuwa watu wabaya. Walimpenda Yamna, na kwa mapenzi hayo walimficha.

Lalla Mahjouba alileta chupa ya kioo. Ndani yake mlikuwa na unga wa mzizi wa mwituni uitwao bereztem, uliochanganywa na asali na siagi.

"Kijiko kimoja kila asubuhi kabla ya chai," alisema. "Hii inaamsha kinga ya mwili. Mwili ukiwa na nguvu, hilo donda litakimbia lenyewe. Ukipata nguvu ndipo utarudi hospitali."

"Daktari ameikubali?"

"Daktari anajua nini kuhusu mizizi yetu? Fungua mdomo, mke wa ndugu yangu."

Dawa ilikuwa chungu. Asali haikuuficha uchungu huo. Yamna aliimeza kila asubuhi, lakini damu haikukoma. Aliamka uso umevimba. Mkojo ulipungua. Koo lilikataa chakula, hata zeituni alizozipenda. Na kila alipomtazama mumewe, mume aliangalia moto.

Siku moja Ilham alileta ubao wake mapema.

"Da Yamna, mbona hukufika? Tulikungoja wodini kwetu. Nikadhani mmekwenda hospitali ya Rabat."

"Wodini kwenu kufanya nini?"

Ilham aliugeukia ubao wake, akaanza kupanga upya kitambaa. Yamna aliweka chini mkate aliokuwa ameushika.

"Ilham. Wodi yenu ni ya nini?"

Wodi yake ilijulikana na mtaa mzima.

Yamna alikaa juu ya gunia la kuni. Akamkumbuka mama mkwe wake, mama yao Bouchta na Mahjouba. Bibi yule alikonda hadi pete ikamtoka kidoleni yenyewe. Kila siku aliuliza, "Nina nini, wanangu?" Wao wakamjibu, "Baridi, mama." Alikufa bado anauliza.

"Mimi si daktari wako," alisema Ilham hatimaye. "Majibu yako si yangu kuyatangaza hapa kwenye majivu. Lakini ni yako. Hakuna mwenye haki nayo kukuzidi. Unataka kuyajua?"

"Nataka. Leo."

"Kuna dawa yoyote unayokula?"

Yamna alionyesha chupa ya asali. Ilham aliisoma kwa pua kabla ya kuisoma kwa macho. Uso wake ulibadilika.

"Ichukue," alisema. "Twende nayo."

Bouchta alitoka mbele ya moto, jasho likimtiririka. "Mnakwenda wapi? Yamna, nani atapokea mikate?"

"Wewe," alisema Yamna. "Kama uliweza kupokea majibu yangu, mikate haitakushinda."

Daktari Sqalli alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito. Aliposikia kwamba Yamna hajui kitu, alivuta kiti, akaketi mbele yake, magoti karibu kugusana.

"Bi Yamna, una saratani ya mlango wa kizazi."

Neno lilitoka. Dari halikuanguka. Nje ya dirisha muuza nanaa aliendelea kunadi.

"Yako ni ya aina ya nadra," daktari aliendelea. "Seli zake ni ndogo sana na zinakua mbio. Hata kipimo cha kawaida cha mlango wa kizazi mara nyingine huikosa. Kwa hiyo ile damu ilikuwa kengele yako. Picha zinaonyesha imegusa tezi moja ya karibu. Haijafika kwenye ini wala mapafu. Lakini aina hii haitupi nafasi ya kulala."

"Nitapona?"

"Siwezi kukuahidi hilo. Ni ugonjwa mkali. Ninachokuahidi ni kwamba hatutakuficha kitu, na tutapigana nao kwa kila tulicho nacho."

Yamna alisikia kitu kikipanda kifuani. Alidhani ni kilio. Kilikuwa hasira, na hasira ile ilimnyoosha mgongo.

"Basi tuanze," alisema.

"Kwanza damu yako ipimwe."

Vipimo vilirudi. Daktari aliviangalia, akauliza kuhusu uvimbe wa uso, na hapo Ilham akaweka chupa mezani.

"Bereztem," alisema daktari, akavua miwani. "Nilihofia hivyo. Bi Yamna, mzizi huu hauli saratani. Unakula figo. Zaidi ya hapo, wenyewe unaweza kuleta saratani ya njia ya mkojo. Figo zako zimechoka, na ile dawa yetu kuu hutolewa mwilini kwa figo. Ungeendelea na chupa hii, tungekuwa na dawa mkononi tusiweze kukupa."

"Wifi yangu alisema inaamsha kinga ya mwili."

"Hajadanganya kwa makusudi. Lakini kinga ya mwili wako haikushindwa kwa kukosa nguvu. Ilham, mweleze wewe. Mnatoka mtaa mmoja."

Ilham alifikiri kidogo. Kisha akatabasamu.

"Da Yamna, unakumbuka mkate wa Hniya?"

"Kisigino? Nani atausahau?"

"Wewe unajua mikate ya mtaa mzima. Mbona ukanipa mkate usio wangu?"

"Ulikuwa na mhuri wenu."

"Naam. Mwilini mwako mna walinzi. Ni seli za kinga. Wanazunguka kutwa, wanakagua kila seli kama wewe unavyokagua mikate. Seli yenye alama ya nyumbani wanaiacha ipite. Ngeni wanaiua. Sasa saratani ni janja. Ni seli yako mwenyewe iliyoharibika, lakini inaonyesha mhuri wa nyumba. Mlinzi anafika, ana nguvu zake zote, anaona mhuri, anasema, huyu ni wetu. Anapita."

Yamna akasema, "Kwa hiyo hata ningekula asali mzinga mzima, mlinzi bado angeusoma mhuri uleule."

"Umenena."

"Na dawa yenu inafanya nini?"

"Ziko za namna mbalimbali," alisema daktari. "Kwanza tunazipiga seli kwa dawa ya dripu, kisha mionzi. Hizo zinapiga kwa nguvu, na zinaumiza hata seli nzuri. Kuna nyingine zinazouziba ule mhuri wa kuazima, ili walinzi waone mgeni ni nani. Na kuna zinazotafuta kosa moja mahususi ndani ya seli na kulipiga hilo tu. Hizo huitwa tiba lengwa. Lakini hatugawi kwa kubahatisha. Kile kipande cha uvimbe kinasomwa tena maabara. Tunatazama kina alama gani. Tunatazama pia kama walinzi wamefika karibu nacho, au wamezuiwa mbali. Kwa mgonjwa mmoja inafaa, kwa mwingine haifai kabisa. Na kwa aina hii ya nadra, sisi wenyewe bado tunajifunza."

"Kisomeni basi," alisema Yamna. "Kisomeni mpaka herufi ya mwisho."

Chupa ilibaki hospitalini. Figo zilitunzwa kwanza, kwa maji ya dripu na kwa kuacha ule mzizi. Zilipopata nafuu kidogo, daktari alichagua dawa isiyozielemea sana.

Jioni ya siku ile Yamna aliyoambiwa, Bouchta alikuwa amekaa kizingitini, mikono nyeupe kwa unga.

"Umeambiwa," alisema.

"Nimeambiwa."

"Nilitaka nikubebee."

"Ulinibebea nini, Bouchta? Tumbo ni langu. Ulichobeba ni muda wangu."

Bouchta alijifuta macho, unga ukampaka mashavuni. Yamna alitaka kucheka na kulia. Aliketi karibu naye.

"Mimi sitakufa nikiuliza kama mama yako," alisema. "Kuanzia leo, daktari akisema, anasema mbele yangu. Unaweza kuja kusikiliza. Njoo na leso."

"Nitakuja," alisema Bouchta. Na tangu siku hiyo hakukosa.

Matibabu hayakuwa mchezo. Yamna alitapika. Nywele zilitoka kwa mashada, na bintiye Ghizlane akamnyoa zilizobaki. Siku alizokuwa na nafuu alirudi tanurini na kitambaa kichwani. Hapo ndipo alipogundua kwamba foleni imepungua.

"Lalla Mahjouba anapeleka mikate yake tanuri la juu," alinong'ona Hniya. "Na wengine wanasema... ah, wanasema mengi."

"Yaseme."

"Wanasema ule ugonjwa unaambukiza kupitia unga. Wengine wanasema mwanamke hapati ugonjwa wa huko chini bila sababu."

Wanawake waliokuwepo waliinamia mbao zao. Yamna alipanda juu ya gunia la kuni.

"Sikilizeni! Ugonjwa wangu una jina. Ni saratani ya mlango wa kizazi."

"Mungu auweke mbali!" walipaaza sauti.

"Auweke mbali, na nyinyi mkapimwe! Hauambukizi kwa mkate. Hauambukizi kwa kunishika mkono. Mara nyingi chanzo chake ni virusi vinavyoitwa HPV. Karibu kila mtu aliyeoa au kuolewa hukutana navyo, na wengi mwili huviondoa wenyewe. Mke mwema anavipata. Mume mwema anavipata. Mwenye kutafuta malaya aende akatafute kwingine, hapa tunaoka mikate!"

Mtu mmoja alicheka, akaziba mdomo.

"Wasichana wana chanjo. Ghizlane wangu ameshachomwa. Sisi wakubwa tuna kipimo pale kituoni. Na mwenye kutokwa damu isiyo na mpango asije kwangu kuuliza baridi imempiga wapi. Aende!"

"Na usipoona kitu?" aliuliza Hniya. "Yaani mtu kama mimi, ambaye hana damu wala maumivu?"

"Ndiyo wakati wa kwenda, Hniya. Kabla."

Hniya alikwenda, akilalamika njia nzima. Walimkuta na mabadiliko madogo kwenye mlango wa kizazi, ambayo hayajawa saratani. Yakatibiwa palepale kituoni. Alirudi na kutangaza habari hiyo mtaa mzima, maana siri haikukaa kifuani mwa Hniya hata siku moja.

Uvimbe wa Yamna ulipungua kwa dripu na mionzi, lakini haukuisha. Majibu ya kile kipande yalikuja. Safari hii Yamna alikaa kiti cha mbele na Bouchta nyuma yake na leso.

"Walinzi wamefika," alisema Daktari Sqalli. "Wengi. Wamesimama pembeni mwa uvimbe na wamezuiwa kuingia. Na alama tuliyoitafuta ipo. Dawa ya kuuziba mhuri inastahili kujaribiwa kwako. Lakini sikia: walinzi wakifunguliwa, wengine huvamia hata wenye nyumba. Ukiharisha sana, ukitoka vipele, ukikosa pumzi, usimeze kitu cha mtu. Piga simu siku hiyohiyo."

Yamna alitoka vipele. Alipiga simu siku hiyohiyo. Alitibiwa, akaendelea.

Michungwa ya uani ilichanua, ikazaa, ikachumwa. Picha mpya ilipopigwa, daktari aliiweka ukutani kwenye mwanga. Pale palipokuwa na uvimbe palibaki kovu dogo kama punje ya dengu. Tezi ilikuwa imetulia. Figo, zilizopoteza kiasi cha nguvu, zilikuwa zimesimama pale zilipo.

"Sisemi imekwisha," alisema daktari. "Aina hii hurudi. Tutakupima mara kwa mara, miaka mingi. Lakini leo siioni."

Bouchta aliloanisha leso yote.

Ijumaa iliyofuata foleni ilifika hadi barabarani. Nywele za Yamna zilikuwa zimeota fupi, ngumu kama brashi. Alikuwa akigawa mikate pale watu walipomwachia njia mtu mmoja. Lalla Mahjouba alikuwa amesimama na ubao wake kichwani, mikate yake imepigwa mhuri wa kitana. Ilikuwa mara ya kwanza kurudi.

Bouchta alitoka mbele ya moto na kumnong'oneza mkewe, "Mbusu kichwa umwombe radhi, yaishe. Ni dada mkubwa."

Lalla Mahjouba aliweka ubao chini.

"Nimefurahi umepona," alisema, sauti ikikwaruza. "Wallahi nimefurahi. Nimelia kwenye mkeka wangu kwa ajili yako. Lakini ulibeba chupa yangu ukaiweka mezani kwa daktari kama ushahidi wa mwizi. Ulitaja ugonjwa ule mbele ya mtaa mzima, na jina la ukoo wetu liko mlangoni hapa. Niombe radhi, mke wa ndugu yangu. Mbele ya hawa hawa uliosema mbele yao."

Kuni zilipasuka motoni.

Yamna alimtazama. Alimwona mwanamke aliyempikia mchuzi aliposhindwa kusimama. Alimwona pia binti aliyemjibu mama yake "baridi" hadi kaburini. Alijua kuwa wote wawili ni mtu mmoja. Aliinama, akauinua ubao wenye mhuri wa kitana, akampa Bouchta.

"Mikate yako itaingia ya kwanza, Lalla," alisema. "Jumatatu nitakupeleka kituoni ukapimwe, nami nitakushika mkono. Chai nitakunywa kwako leo, kesho na kila ukiniita."

"Na radhi?"

"Radhi siombi."